Kitambaa Kwenye Sikio la Gunia

Wameniita tena kwenye semina, pale Lushoto mjini. Safari hii wanataka niwaeleze viongozi wa vyama vingine vya wakulima namna ya kuongoza watu wakati wa mageuzi. Nitakwenda. Nitakula wali wao, nitakunywa soda yao, nitasema yale yale niliyoyasema mara ya mwisho, na watapiga makofi. Kisha nitarudi nyumbani nikijiona ninanuka.

Kwenye semina huwa naanzia kwenye lumbesa, na hapa pia nitaanzia hapo. Huku kwetu tunalima viazi mviringo kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona anauliza kama tunajifunga kamba. Zamani mnunuzi alipanda na lori lake na magunia yake matupu, na gunia likijaa mpaka mdomoni yeye alikuwa bado hajaridhika. Unaongezea juu, unazungushia wavu wa kamba, unaongezea tena, mpaka gunia linavaa kilemba. Bei ni ya gunia moja; kilemba ni chake bure. Baba yangu alivifunga vilemba hivyo, mume wangu naye akavifunga, na wote wawili walikuwa wakimchekea mnunuzi usoni huku wakimtukana moyoni. Kile kicheko nilikichukia kuliko kilemba chenyewe.

Serikali ilipopiga marufuku lumbesa, watu wengi walisubiri marufuku hiyo ichoke na ipite. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti, mwanamke wa kwanza katika chama chetu, na nikakaza uzi. Kila mzigo utapita kwenye mizani, nikasema, na mnunuzi asiyetaka ageuze lori lake. Tukatundika mizani kwenye boriti ya ghala. Wanunuzi wakageuza malori yao kweli, wakaenda mabonde mengine ambako watu bado walikuwa tayari kufunga vilemba.

Sijui kama umewahi kusikia harufu ya viazi vilivyooza ndani ya ghala lililofungwa. Vinatoa maji meusi, na maji hayo yananuka mzoga. Tulivibeba kwa ndoo tukavimwaga korongoni, na kwa siku nyingi nilikuwa nikinawa mikono kwa sabuni na majivu na bado nainusa harufu ile ninapomega ugali. Kijiji nacho kilianza kuoza kwa namna yake. Kukawa na watu wa mizani na watu wa kilemba. Msaragambo wa kuzibua mfereji, ambao tangu tupate akili tulikuwa tukiufanya pamoja, kila upande ukajipangia siku yake. Msibani niliona mama mzima akiuliza sufuria ile imepikwa na nani kabla hajanyoosha sahani. Mtu amelazwa ndani anasubiri kuzikwa, na yeye anachagua sufuria!

Katika siku hizo mbaya kuna mwanamke mmoja aliyenishikilia. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, ameachwa na mume, analima kipande kilichopo chini ya barabara ambacho jua linakifikia saa nne. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutundika gunia lake kwenye mizani mbele ya watu waliokuwa wakimzomea. Jioni alipita kwangu, akaniambia nisiwasikilize, watachoka wao kabla yetu. Sikuwa na mwingine wa kuniambia hivyo, hata mume wangu.

Alisema kweli. Mtunza stoo wa shule moja ya bweni huko chini tambarare alisikia habari zetu, akaja na gari dogo. Alikuwa amechoka kununua vilemba vilivyojaa viazi vya kijani, akataka kilo zinazoeleweka. Akaja wiki ile na wiki iliyofuata, na wale wa kilemba wakaanza kurudi ghalani mmoja mmoja, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Ili tusimpoteze mtu huyo niliandika kanuni kwa mkono wangu: atakayechezea mzigo anatoka chamani siku hiyo hiyo, na chama hakitabeba kiazi chake tena. Niliisoma kwa sauti mbele ya mkutano, nimesimama wima kama askari wa gwaride.

Sasa niwaeleze kuhusu masikio. Magunia ya nyumba nyingi hubebwa pamoja kutoka mashambani hadi ghalani, kwa hiyo kila nyumba hufunga alama yake kwenye sikio la gunia, ile ncha ya pembeni. Alama yetu ilikuwa utepe wa kanga yangu kuukuu, bluu yenye madoa meupe. Yule mwanamke alifunga kipande cha ganda kavu la mgomba, kwa kuwa hakuwa na nguo ya kuchana ovyo. Mara nyingi kilikatika njiani, na sisi tulimtania kwamba gunia lake linafika limevua hereni.

Asubuhi moja nilikwenda kufungua ghala nikamkuta mtunza stoo ananisubiri barazani. Miguuni pake palikuwa na gunia lililofumuliwa mshono. Alilimwaga. Katikati ya viazi yakatoka mawe, mawe ya mtoni, laini, yaliyooshwa. Hakupandisha sauti. Alisema wapishi wake walicheka, lakini yeye hakuona cha kuchekesha, na kwamba angekwenda kunywa chai, akirudi anataka kujua kama bado tuna biashara.

Alipokwenda nililikusanya gunia, na kwenye sikio lake nikaona bluu yenye madoa meupe.

Vidole vyangu vilifanya kazi kabla yangu. Nilifungua fundo nikaukunja ule utepe, nikaufunga kwenye pindo la kanga niliyovaa. Wanachama walipofika gunia lilikuwa halina kitu sikioni. Wakalizunguka. Mzee mmoja akasema gunia lisilo na alama ni gunia ambalo alama yake imekatika, na sote tunajua ni alama ya nani inayokatika.

Wote wakamgeukia yule mwanamke. Naye akanigeukia mimi.

"Mama mwenyekiti," alisema, "wewe ndiye uliyefungua ghala. Hukuona kitu sikioni?"

Nilisema, "Sikuona kitu."

Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaondoka. Wale waliokuwa wakimzomea kwenye mizani ndio waliopiga makofi. Mtunza stoo alirudi, akaambiwa mkosaji ameshatolewa, akaridhika, akapakia mzigo. Biashara hiyo ipo hadi leo.

Mchana mume wangu alikuwa anakula. Niliuweka ule utepe kando ya sahani yake. Hakukana. Alisema wale wanunuzi wametufungisha vilemba miaka yote na hakuna aliyewahi kuwaitia mkutano, sasa mawe matano yamekuwa dhambi? Akaendelea kumega ugali kwa mikono iliyokwenda mtoni, ikachagua mawe, ikayaosha yasiache udongo. Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba. Nilijiambia ni yeye aliyenichefua, na nikaishi na jibu hilo miezi kadhaa, maana lilikuwa jibu jepesi.

Kwenye semina nikifika kwenye habari ya mawe, huwa nasema kwamba tulimbaini mkosaji tukamwondoa bila kumwonea haya mtu. Hapo ndipo wanapopiga makofi zaidi. Mwaka jana mwezeshaji alitaka kalamu aandike maneno yangu ubaoni.

Juzi nilikuwa nakwenda kupanda gari barabarani. Yule mwanamke alikuwa kando ya njia na lori la watu wa lumbesa, wale wanaonunua kwa kujificha huko ambako hakuna mizani. Ndio pekee wanaochukua mzigo wake sasa. Alikuwa amepiga magoti anashona kilemba, shazia mkononi, na mnunuzi amesimama juu yake anamwambia aongeze. Akaongeza, akamchekea mnunuzi. Ni kile kicheko. Kwenye sikio la gunia alikuwa amefunga ganda la mgomba, mafundo matatu.

Aliponiona aliweka shazia chini, akainama kidogo kama ilivyo desturi kwa mtu aliyekuzidi umri.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

Nikaitikia marahaba.