Mlango wa Basi Nyumbani kwa Cheche

Fundi wa kuchomelea waliyembandika jina la Cheche alikuwa na nyumba isiyo na tofali hata moja. Kuta zake zilikuwa boneti na mbavu za malori na mabasi yaliyopata ajali. Aliyanunua kwa wauza chuma chakavu na kuyaunga mwenyewe, miaka nenda miaka rudi. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Mkewe, Mama Pacha, alicheka nao mchana, jioni akamshikia chuma.

Basi televisheni ikaanzisha shindano la nyumba za kipekee, moja kutoka kila mkoa, na waamuzi wakafika kwa Cheche na kamera zao. Mlango wa sebule ulikuwa mlango mzima wa basi dogo. Mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani, akapitisha kidole kwenye mabonyeo yaliyouzunguka mpini.

"Haya umeyagonga kwa nyundo? Hii ni sanaa kabisa."

Cheche akacheka tu. Aliununua ukiwa hivyo hivyo. Lakini nani hukataa sifa mbele ya kamera? Nyumba ikashinda mkoa, ikaingia fainali.

Kipindi kilipokwisha kuonyeshwa, asubuhi moja Cheche alikuwa uani akikata nondo aliposikia kishindo mbele ya nyumba. Kikafuata kingine. Akatoka mbio, kipande cha nondo mkononi. Mwanamume asiyemjua, shati lake limepigwa pasi likanyooka, alikuwa akiupasua ule mlango kwa shoka. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alifanya kama kibarua aliyepewa kazi.

"Ndugu, hiyo ni nyumba ya mtu," Cheche akasema, akamshika bega.

Mtu yule akageuka na shoka lake. Cheche akakinga uso kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaanguka kizingitini. Maumivu hayakuja upesi. Hasira ndiyo iliyotangulia. Akamtandika nondo begani, mfupa ukalia. Akamtandika tena ubavuni. Mgeni akapiga magoti, shoka likamponyoka, na Mama Pacha, aliyetoka ndani na kigoda, akamshushia nacho kichwani.

"Mwizi!" mtu akaita barabarani. Watu hawakuuliza mwizi wa nini. Mawe yakaanza kunyesha. Moja likampasua mgeni mdomo, naye akatambaa mpaka mlangoni, akaanza kuugonga kwa ngumi.

"Mke wangu yumo," akasema. "Mke wangu yumo humu."

Cheche akainama amsikie vizuri. Kwa mdomo uliojaa damu mtu yule akaeleza kwamba yeye ni fundi cherehani, ametoka mkoa wa mbali. Basi lao lilitumbukia mtoni. Yeye alirushwa nje kwa dirisha, mkewe akabaki ndani, mlango umejifunga na maji yanapanda. Aliugonga kwa mkono wa jeki mpaka sauti ya mkewe ikakatika. Alama zile alizipiga yeye, na juzi aliziona zikisifiwa kwenye televisheni.

Jiwe jingine likatua. Cheche akamlalia mgeni mgongoni, na lililofuata likampasua yeye sikio.

"Acheni! Huyu ni mgeni wangu."

Wakaacha, shingo upande.

Hospitali iliwalaza wodi moja. Siku ya pili Cheche akamwambia atautoa mlango ule na kumpelekea.

"Nikaufanyie nini? Sikuja kuuchukua. Nilikuja kuufungua."

 Cheche aliporudi nyumbani aliwasha gesi ya kukatia, mkono mmoja umefungwa bendeji, akaukata ule mlango vipande vipande na kuvifukia. Wanawe pacha walilia kwa sababu ya fainali. Waamuzi waliporudi walikuta turubai mahali pa mlango. Mama mwenye miwani akauliza ile sanaa iko wapi.

"Haikuwa yangu," Cheche akajibu. Ushindi ukaenda mkoa mwingine.

Fundi cherehani humpigia simu mara moja moja, wakaongea habari za mvua na za bega lisilonyooka. Mama Pacha huondoka chumbani akisikia sauti yake.

"Wewe umeshamsamehe, sawa, vidole vilikuwa vyako," humwambia mumewe. "Lakini mume ni wangu, na mimi bado."

Cheche hamshurutishi.