Koti Jeupe na Mzambarau wa Mama Odette

Siku ya kwanza kazini mkuu wa maabara alinipa koti jeupe na sheria moja. "Koti halitoki hapa. Ukirudi kutoka shambani, livue lioshwe. Kuvu haina miguu, inabebwa na watu." Ilikuwa miaka michache baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na mimi, mwalimu wa biolojia kutoka Bukavu, Kongo, nilikuwa nimetoka kulinda magari ya watu barabarani Durban. Nikavaa lile koti nikajitazama kwenye kioo cha chooni kama bwana harusi.

Tulichunguza ugonjwa mgeni, kutu ya manjano, kuvu inayoshambulia mizambarau na jamaa zake. Machipukizi yanajaa unga kama wa bizari. Unga huo ndio spora, yaani mbegu za kuvu, na zikishika nguo huzioni. Chipukizi likikauka mti unatoa jingine, nalo linaugua, mpaka mti unachoka kabisa. Profesa aliyeongoza utafiti, mama asiyecheka ovyo, alichora ramani ya kila mti mgonjwa ili ajue ugonjwa unapita wapi na auzuie wapi. Mimi nilikuwa mkata sampuli.

Ijumaa moja nilitoka shambani nikapanda taxi kwenda maombini mtaa wa Berea, koti mwilini. Nilijisemea nimechelewa. Uongo mtupu! Nilitaka Wakongo wenzangu wa mtaa wa Albert Park, niliosali nao, wanione.

Mama Odette wa kwaya akapiga vigelegele. "Eish, docteur yetu! Kuja uone muti yangu." Alikuwa amepanda mzambarau uani kwake, jirani na hapo, kwa kumbukumbu ya mumewe, aliyezikwa Uvira kule kwetu yeye akiwa huku. "Kaburi iko mbali," akasema, "basi namwangiliaka huyu maji." Nikainama nikayashika majani kitaalamu, mkono wa koti ukiyapangusa machipukizi.

Wiki chache baadaye mti ulikuwa wa manjano. Nilipotoa taarifa, Profesa alikuja mwenyewe, akashangaa kwa sababu jirani hapakuwa na mti mgonjwa hata mmoja.

"Ugonjwa umefikaje hapa?" akaniuliza. "Kuna mtu alikuja na nguo za shambani?"

Mama Odette alinitazama, anangoja docteur wake ajibu.

"Nadhani ni upepo, Profesa."

Akaandika upepo. Msimu mzima tukatega spora juu ya mapaa kwa vioo vilivyopakwa mafuta, na hakuna aliyekagua nguo wala mikasi ya watu wa bustani. Ugonjwa ukaendelea kutembea. Naona aibu kuandika haya.

Siku ya kuung'oa na kuuchoma ule mti, Mama Odette aliomba tawi moja tu. Nikamkatalia mimi mwenyewe. "Hapana, Mama. Kuvu inabebwa na watu."

Nilipostaafu, maabara walinizawadia koti lile, limefuliwa na kupigwa pasi. Mama Odette alikuja kunipongeza, amevaa kitenge kipya.

"Docteur, vaa basi koti yako tupige picha."

Nikalivaa. Picha ile iko ukutani kwake, na kila nikienda kumsalimia ananikalisha papo hapo chini ya picha.