Kiini Macho Hakibebi Mzigo

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimeshaona padri akidondoka katikati ya mahubiri, nimeshaona ng'ombe wa jirani akiingia sebuleni siku ya posa ya shangazi, na mara zote mbili sikutikisika. Lakini likizo moja ya Krismasi, nikiwa kidato cha pili, nilishtuka mara tatu ndani ya siku kumi, na mshtuko wa tatu haujanitoka mpaka leo.

Wa kwanza ulikuwa wa mchezo tu, upuuzi mtupu, ila bila upuuzi huo nisingeyaelewa yaliyofuata.

Mtoto wa shangazi alikuwa anasoma Nairobi. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia kupitia mpaka wa Holili: sabuni, mitumba, redio za kaseti. Yeye akaingia na kitabu cha fotokopi kilichopinda kurasa, pamoja na dadu yenye nyuso ishirini. Jamani, ishirini! Mimi dadu niliyoijua ni ya ludo. Mvua ilikuwa inanyesha, na kule kwa bibi mlimani hapakuwa na umeme wala pa kwenda, kwa hiyo tukajifungia kwenye stoo ya kahawa: yeye, kaka yangu na mimi.

Stoo ilikuwa tupu. Kahawa haikuwepo tena kwenye kihamba chetu, lile shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kaburi la babu. Bei ilipoanguka, baba mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, aliona hakuna maana. Jumapili moja bibi akiwa kanisani, aking'oa mche mmoja baada ya mwingine, alimaliza mibuni yote aliyoipanda babu, apande nyanya. Bibi alirudi kutoka misa akakuta mizizi iko juu. Alimwambia asikanyage tena pale. Baba mdogo akaenda Tarakea, akafanya biashara ya mahindi mpakani, na kwa miaka sita hakukanyaga.

Sasa mchezo. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali: pango, mto, kijiji kilichovamiwa. Wengine ni watu wa ndani ya hadithi, kila mtu na kazi yake. Ukitaka kufanya jambo unalisema, unarusha dadu, namba inaamua. Kaka yangu akachagua kuwa mpiga upanga, mtu wa nguvu bila akili, kama alivyo. Mimi nikachagua mwenye kiini macho.

"Watu wanadhani hiyo ni rahisi," mtoto wa shangazi akasema. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. "Haya, tutaona."

Siku ya pili tunakimbizwa na majitu, mbele kuna korongo. Nikasema natengeneza daraja. Nikalipamba kweli kweli: mbao za mvule, kamba nene, hata matope ya watu waliopita asubuhi. Nikarusha, kumi na tisa! Nikapiga vigelegele. Kaka akasema yeye anavuka mbio. Mtoto wa shangazi akamwangalia kwa huruma.

"Umekufa."

"Nani kafa?"

"Wewe. Daraja ni kiini macho. Linaonekana, ukilisikiliza linalia kwa upepo, lakini halibebi mzigo."

Nimemuua kaka yangu kwa mbao za kutunga! Naye alininunia siku mbili, hata chumvi mezani alikuwa ananiomba kupitia mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipofundishwa vizuri. Kiini macho kizuri, mtoto wa shangazi alisema, ni kile ambacho mtu tayari anategemea kukiona. Weka ukuta pangoni, nani atauliza? Weka tembo jikoni, kila mtu atanyoosha mkono aguse. Na hakuna anayepewa dadu ya kukitegua mpaka awe na sababu ya kushuku. Akishuku, akagusa, akarusha vizuri, basi kwake kimekwisha. Akiwapigia wenzake kelele, nao wanapata nafasi yao, na hapo kinaporomoka kwa wote. Tena mwenye kukitengeneza lazima akiwaze hicho tu muda wote, ukimshtua, kimezimika.

"Na mtu akishuku lakini hataki kurusha?" nikauliza.

"Halazimishwi. Akiamua kuamini, anaamini. Haki yake."

"Ujinga huo," akasema kaka, akisahau kwamba amenuna.

Basi nikamchora mwenye kiini macho wangu kwenye karatasi, na kofia yake ndefu niliyokuwa nimeiongelea kwa siku mbili mpaka watu wamechoka. Nikakimbilia jikoni kwa bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nikamnyooshea karatasi.

"Bibi, ona!"

Akainua uso, akatabasamu. "Mzuri huyo! Na hiyo kofia yake, utadhani askofu."

Nikaigeuza nijisifie mwenyewe. Lo! Upande niliokuwa nimemwonyesha ulikuwa mtupu, hauna hata alama ya kalamu. Picha ilikuwa imeniangalia mimi.

Nilihisi nimekanyaga daraja langu mwenyewe. Nikanyoosha vidole viwili polepole mpaka karibu kabisa na macho yake. Hakupepesa.

"Mbona kimya?" akasema, kisha mkono wake ukanirukia na kunishika kifundo cha mkono. Alielewa. "Umejua nini wewe?"

"Bibi, huoni."

"Punguza sauti!"

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana. Kwanza ukungu, halafu giza." Alikuwa ananibana mpaka inauma. "Wanangu nimewazaa mimi, nawajua. Wakisikia tu, watanishusha mjini wanikalishe kwenye kochi kama ua la plastiki. Hapa kila mgomba naujua. Babu yako amelala pale nyuma. Nikitolewa hapa nimekufa kabla ya siku zangu. Niapie kwamba hutasema."

"Ninaapa, bibi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama Bikira Maria."

Akaniachia, akarudi kwenye maharage, akatoa bovu moja na kulitupa nje ya ungo.

Toka hapo nilimwangalia kama mwanafunzi anavyomwangalia fundi. Watu wote wale, na shangazi aliyekuwa akija kila mwezi, hakuna aliyeshuku! Alikuwa anawajua watu kwa kikohozi na mwendo. Pombe ya mbege aliimimina kwa kusikiliza kata inavyojaa. Zizini alifika kwa kupapasa ukuta huku akijifanya anapapasa kama umepasuka. Na silaha yake kuu ilikuwa maneno. Akihisi mtu amesimama na hajui ni nani, alicheka akasema, "Wewe nipishe hapo, unanizibia mwanga." Nani atamshuku mtu anayelalamika kuzibiwa mwanga? Nikampigia saluti moyoni.

Ikafika Krismasi. Wachagga tunavyorudi nyumbani Desemba hakuna asiyejua. Baada ya misa uwanja wa bibi ulijaa, mbuzi amechinjwa, bibi yuko katikati ya binti zake anamenya ndizi, mafuta ya kupikia mikononi utomvu usishike. Ghafla maneno yakakatika. Mmoja akanyamaza, wa pili, wa tatu, mpaka watoto.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni pa uwanja.

Alikuwa amekonda, amevaa koti jeusi, na mkononi ameshika sale. Ni jani refu la ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba. Kwetu, mwenye kosa akikuletea sale amekuomba msamaha, na sale halikataliwi. Hata aliyekuulia ndugu. Mwenye kosa hapigi domo. Anasimama nalo, jani linamsemea. Na kati ya anayetoa na anayepokea hakuna anayetia neno, hata awe padri.

Akatembea mpaka mbele ya mama yake, akapiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa namwangalia bibi. Kimya kile kilimtisha, nilikiona kinavyomtisha. Mtu anayeishi kwa masikio, umemzimia dunia yote. Akageuza kichwa huku na huku kidogo. Akahisi mtu yuko mbele yake. Na miaka sita ni mingi, mwendo wa mtu hubadilika. Akafanya alilolizoea. Akacheka.

"Wewe nipishe hapo," akasema, "unanizibia mwanga."

Yesu na Maria! Shangazi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba yangu alishika kichwa. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukivunjika kama wa baba mdogo. Aliinuka polepole, jani likiwa bado mkononi, akageuka, akaanza kuondoka. Kila mtu pale alikuwa anasema moyoni kitu kilekile: mama amekataa sale. Akivuka ule mlango, harudi tena, na hakuna atakayethubutu kumrudisha.

Hatua kumi hivi mpaka mlangoni. Nilizihesabu. Alipofika ya saba nikapiga kelele.

"Bibi haoni! Haoni kitu! Ni kipofu!"

Kisu kikamdondoka bibi. Baba mdogo akasimama. Na wote mle uwanjani nikawaona wanarusha dadu zao, mmoja mmoja: kwa nini hakuja mjini kwenye kipaimara, kwa nini barua zake tulikuwa tunamsomea sisi watoto, kwa nini ukuta wa zizi. Shangazi akapiga yowe. Baba mdogo akarudi mbio, akaanguka miguuni, akamtia jani kiganjani. Bibi akalipapasa kutoka shinani mpaka nchani. Alipojua ni nini, na ni nani, akamvuta kichwa kifuani na utomvu wake wote, wakalia wawili mpaka sisi tukaona aibu kuwaangalia.

Kila mtu alinipongeza. Mtoto ana akili huyo! Ameokoa ukoo!

Mimi nilijua. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi. Kwa sababu usiku ule kitandani ndipo nilipolisikia neno nililopaswa kusema: "Bibi, baba mdogo huyo, amekuletea sale." Basi. Hayo tu. Angenyoosha mkono, angesema alikuwa anamtania mwanawe, kila kitu kingekaa mahali pake, na siri yake ingebaki. Nimeiva kwa kutengeneza madaraja ya uongo, na siku linapotakiwa la kweli, dogo, la maneno sita, nimeshindwa.

Kabla ya mwaka mpya wakamshusha Moshi. Daktari alisema ni presha ya macho, tumechelewa sana, yaliyokufa hayafufuki. Baba mdogo aliahidi kurudi kihambani amtunze, lakini mke, watoto na biashara vyote vilikuwa Tarakea, na ahadi ikawa inasogea mbele. Wakamkalisha bibi kwetu, chumba cha uani, kwenye kochi. Alijigonga milangoni. Alikuwa anauliza saa kila mara. Mimi hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililoniua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Ikaishia hapo. Miezi mitatu, marahaba tu.

Pasaka ilipokaribia baba alipanda kwenda kuangalia migomba, nikamng'ang'ania mpaka akanichukua. Nilikata sale mpakani, upande wa kaburi la babu, nikaliweka katikati ya daftari lisivunjike. Tuliporudi nikaingia chumbani kwake, nikapiga magoti kwenye saruji, nikamtia jani kiganjani bila neno.

Akalipapasa. Akalinusa.

"Hili ni la nani?"

"Langu, bibi."

Akalizungusha kiganjani mpaka nikaanza kulia.

"Sale halikataliwi," akasema mwishowe. "Umeniweza kweli wewe. Kaa." Nikakaa miguuni pake. "Kwa hiyo umetoka nyumbani."

"Ndiyo, bibi."

"Kahawa zimechanua?"

Kahawa gani? Hapakuwa na mche hata mmoja, na yeye ndiye aliyemfukuza mtoto wake kwa sababu hiyo. Nikawaza: macho yamekwenda, sasa na akili imefuata, na mimi ndiye niliyemtoa kwake. Sikuweza kumwambia. Nikafumba macho.

"Zimechanua, bibi. Mvua imezifungua zote kwa pamoja. Nyeupe tupu, kuanzia kwenye mfereji mpaka kaburini kwa babu. Nyuki wanavuma mpaka huwezi kusikia mtu akikuita."

Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.

"Muongo mkubwa," akasema. "Baba yako mdogo alizing'oa zote." Akalilaza lile jani mapajani, akalinyoosha kwa kiganja. "Haya, endelea. Za upande wa juu je?"