Watoto Niliowaficha kwa Bi Somoe

Jamani, aibu nyingine unajifunika khanga, unalala, asubuhi imepungua, lakini hii yangu haipungui, na nawahadithia leo kwa sababu mtaa mzima wa Rasbura unaijua, bora mwisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua nina kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, chumba kimoja na ua, mimi na msaidizi wangu. Kibali kilikuwa hakijatoka, na afisa wa ustawi wa jamii alishanieleza vizuri kabisa kwamba chumba kile na walezi wawili kina kiwango chake cha watoto, nisizidishe. Nikazidisha. (Mama anakuja alfajiri, mtoto mgongoni, anawahi samaki sokoni, utamwambia nini? Na kusema kweli, kusifiwa kwamba Mwalimu Rehema hana roho mbaya kulikuwa kunaninogea.)

Asubuhi ya ukaguzi nikaamua jambo dogo tu: waliozidi wakae kwa jirani yangu Bi Somoe, upande wa pili wa ua wa makuti, mpaka mgeni aondoke. Bi Somoe ni mtu mzima asiyejua kunyima, akasema, "Walete, mwanangu, mimi nachoma vitumbua vyangu hapa, watakaa." Nikawaambia watoto wanyamaze, nikarudi kwangu kujitanda mtandio mpya.

Afisa akaja, dada mpole, hana makuu. Watoto wa chumbani wakasimama wakamwamkia kwa pamoja, shikamoo ndefu ya kuimba, na kabla hajamaliza kuitikia marahaba, nyuma ya makuti ikatoka shikamoo nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. (Wa kulaumiwa ni mimi, niliyewafundisha kwamba mwenzio akimwamkia mkubwa, nawe usibaki umefunga mdomo.)

"Na hao?" akauliza.

"Watoto wa madrasa, hapo kwa jirani," nikasema, na ulimi haukujikwaa hata kidogo.

"Mashaallah. Basi nikawaitikie, si vizuri kuwaacha."

Hapo ningesema kweli, ningeaibika kidogo, yakaisha. Badala yake nikaanza mara ustadhi wao mkali, mara kuna mbwa (mbwa, kwa Bi Somoe, mwanamke asiyekosa swala), na yeye huyo anakwenda, nami nyuma namfuata nimeshikilia mtandio. Tukaingia. Madrasa yangu yote imevaa fulana za njano zenye jina la kituo mgongoni, na Bi Somoe akainua uso kutoka kwenye moshi, akasema, "Karibu, mwanangu. Mwalimu, umekuja kuwachukua wanao?"

Mpaka hapo chekeni, hata mimi ningecheka. Lakini afisa hakuwa ananitazama mimi. Aliangusha mkoba, akakimbia. Salma, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, kifua chote kimelala kwenye ukingo wa kisima, anachungulia maji. Kisima cha Bi Somoe hakikuwa na mfuniko, nami nilikijua, nachota humo kila siku.

Akamdaka kwa fulana. Wala hakunifokea. Alikaa palepale mchangani, Salma mapajani, akasema taratibu, "Mpigie mama yake. Umwambie wewe mwenyewe, nikisikia."

Nikapiga. Mama Salma alikuja mbio kutoka sokoni, magamba ya samaki bado mikononi, nami nikamweleza yote mbele ya afisa, mbele ya Bi Somoe aliyekuwa analia na kuniomba radhi (yeye, aniombe mimi radhi), mbele ya watoto wote. Nilitamani anitukane. Alimbeba mwanawe mgongoni, akakaza khanga, akasema, "Mwalimu, si ungeniambia tu kwamba pamejaa? Ningemwacha kwa bibi yake, kule Mitwero."



Kituo kilifungwa, baadaye kikafunguliwa na watoto wachache, na kisima nimekitengenezea mfuniko. Siku hizi mama akija nami nafasi sina, namwambia sina, ananisonya, anasema Rehema amejiona. Namwacha asonye. Mtoto wa mtu sitamficha tena, Mungu anisikie. Salma hakurudi kwangu, na mama yake simlaumu, hata mimi angekuwa wangu nisingemrudisha.