Glavu Alizochukua Mtani

Mume wangu alikuwa bondia wa kulipwa, lakini Iringa ya miaka ile ya hamsini malipo ya ngumi hayakulisha nyumba, kwa hiyo mchana alipakia magunia kwenye malori. Hakujua kutulia. Hata akila, goti lake lilitikisa meza.

Kisha jicho lake la kushoto likaanza kufifia. Niligundua siku nilipompa kikombe upande ule, akapapasa hewani.

"Refa asijue, mama watoto," aliniambia. "Wakijua, nimekwisha."

Tulipanda basi kwenda Mbeya akapigane na Mngoni mmoja, seremala wa Uyole. Mume wangu alikuwa Mhehe, na Wahehe na Wangoni ni watani. Watu walijaa ukumbini kwa ajili ya maneno yao kama kwa ajili ya ngumi.

"Mhehe! Leo umetafuna mbwa wangapi?"

"Nimebakiza mmoja, ndiye huyu mbele yangu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nasokota pindo la kanga. Raundi ya tatu Mngoni alizunguka kushoto kwa mume wangu, ngumi ikaingia bila kuzuiwa. Akazunguka tena, ikaingia tena. Nikaona uso wa Mngoni umebadilika. Amejua. Tangu hapo hakupiga tena upande ule, na pambano likaisha sare. Watu walizomea.

Tulipokuwa tumekaa nje, Mngoni alikuja akaokota glavu za mume wangu.

"Hizi zangu. Na huyu mke wangu nitamfuata kesho."

Mtani akichukua kitu chako, hudai wala hununi. Ukinuna, aibu ni yako. Mume wangu alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

"Rudisha, bwana. Nina pambano mwezi ujao."

"Nishitaki basi kwa wazee wako. Na ukipata nyingine, nitazifuata na hizo."

Wakatazamana. Mume wangu akainamisha kichwa.

Hakupigana tena. Jicho la kulia lilibaki zima, lakini yeye hakutulia. Alizunguka uani tangu alfajiri, akapiga hewa, akaenda stendi kutazama mabasi ya Mbeya yakiondoka, akarudi, akatoka tena. Mara nyingi nilimlaani yule Mngoni. Mara nyingine nilimshukuru. Mpaka leo sijaamua.

Kichomi kilimchukua msimu wa baridi uliofuata. Siku ya maziko Mngoni alifika, glavu zikining'inia shingoni, akaruka ndani ya kaburi lililo wazi.

"Sitoki! Aamke kwanza tumalizane, tulitoka sare!"

Watu walicheka, ndivyo inavyotakiwa. Mimi sikuweza.

Alipokwisha kuvutwa nje, alinijia akipangusa udongo. Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Shemeji, naomba nimzike nazo."

Mtani haombi. Nilizigusa zile glavu, watu wakisubiri na majembe yao.

"Weka," nikasema.

Akashuka tena, akaziweka upande wa kushoto wa mume wangu.