Barafu ya Kwenda Homa Bay

Barafu hukaa saa ngapi ndani ya chupa ya chai kabla ya kuwa maji? Nilikuwa na digrii, na sikujua.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha Migori kwa muda, nikingoja kazi ya kudumu. Mama alikuwa nyumbani Homa Bay, mgonjwa wa kisukari. Wiki hiyo insulini ilikuwa imeisha katika maduka ya dawa ya huko, akaniagiza nimtafutie, kupitia jirani aliyekuja kununua mahindi. Sindano yake ya mwisho alikuwa amejidunga siku moja kabla. Muuza dawa wa Migori alinitolea vichupa viwili kutoka kwenye friji, akaniambia, "Isipate joto, mwalimu. Ikipata joto, hiyo ni maji tu."

Sikumwuliza joto kiasi gani, wala kwa muda gani. Mimi niliyebishana na wahubiri hadi wakafunga Biblia, nilikimbia sokoni tu, nikaomba barafu kwa mama wa samaki, nikaijaza kwenye chupa ya chai na kutumbukiza dawa humo.

Kwenye steji manamba alikuwa anaita, "Rongo, Rodi, Homa Bay! Mmoja ameenda!" Gari lake la Pijo lilikuwa limejaa, ila nafasi moja nyuma. Injini ilikuwa inanguruma. Nikaingia nikishukuru.

Dakika tano baadaye alifika mwanamke mwenye kikapu. Mwanamume wa kofia aliyekaa mbele akashuka, eti amesahau mwavuli. Mwanamke akakaa pale. Kisha akaja mzee mwenye mkoba, na mama aliyekuwa kando ya mlango akakumbuka kwamba hajapika. Mzee akachukua nafasi yake. Ndipo nikaelewa. Hao walioshuka walikuwa wamelipwa wakae ndani, gari lionekane limebakiza mtu mmoja, ili sisi wasafiri tusiogope kungoja.

"Wewe," nilimwita manamba dirishani, "kati ya hawa, wangapi wanasafiri?"

"Wote, madam. Si unaona wamekaa?"

"Hata mayai hukaa kwenye trei."

"Ala! Mwalimu amekuja na mtihani!" aliwapigia wenzake kelele, wakacheka. "Tunaondoka sasa hivi."

"Sasa hivi ya saa ngapi?"

"Ya gari ikijaa."

Nilitikisa chupa. Mwanzoni ilikuwa inalia kama kokoto. Sasa nilisikia maji yakichezacheza. Aliyekaa kando yangu, mwanamume mwembamba ndani ya koti kubwa, alinitazama.

"Umebeba nini, nyaminwa?" Dada yangu, aliniita.

"Dawa ya mama. Ikipata joto inaharibika."

Aligeuza uso mbele, akasema polepole kama anayezungumza na kiti. "Basi shuka. Hapa abiria ni wewe, huyo mama wa kikapu na mzee. Sisi wengine tuko kazini. Hii haitoki kabla ya saa saba. Pita kituo cha petroli, simama barabara ya Rongo. Magari ya kutoka mpakani hayaingii steji."

Sikuinuka. Mtu anayelipwa kudanganya kwa kukaa anaweza pia kulipwa na gari lingine adanganye kwa kusema.

"Kwa nini unaniambia?"

"Na wewe unapenda kuuliza! Mama yako ni mgonjwa ama si mgonjwa?"

Nikashuka. Manamba alinifuata hatua kadhaa. "Madam, unatoka na ndiyo tunaondoka! Utatuona tukikupita!" Kila honi iliyolia nyuma yangu ilinifanya nigeuke, nikitarajia kuliona Pijo hilo limejaa watu wa kweli wakinicheka. Halikuja. Pikapu ya vitunguu iliyotoka Isebania, mpakani, ilinichukua hadi Rongo, na hapo nikapata gari la kunifikisha Rodi Kopany.

Rodi nilifungua chupa. Barafu iliyobaki ilikuwa vipande vya ukubwa wa maharagwe. Nilimwendea mama aliyekuwa anapakia samaki kwenye sanduku, nikamweleza shida yangu. Alimwaga maji yote, akanijazia barafu yake, kisha akatia konzi mbili za chumvi na kutikisa kwa nguvu.

"Chumvi ndiyo inaifanya ishike. Hii itakufikisha hata Nairobi, nyathina."

Mtoto wangu. Nilitaka kumkumbatia.

Homa Bay nilipanda ngware, baiskeli ya kubeba watu. "Shika mimi, dada, wacha hiyo chupa," mwendeshaji alisema tulipoanza kuteremka. Nilikataa. Afadhali ningeanguka mimi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, midomo imemkauka, jagi la maji miguuni. Vichupa vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe, vimegandana, na nilivishika kwapani hadi dawa ikayeyuka na kuanza kucheza ndani. Niliona fahari.

"Zimekuja baridi hivi kutoka Migori?" aliuliza.

"Kutoka Migori."

Akajidunga pajani.

Siku nne zilizofuata kiu haikumwisha. Alijidunga asubuhi na jioni, na bado alikunywa maji jagi kwa jagi.

"Umekula nini?" nilimwuliza.

"Chakula ulichopika."

"Na kwenye chai umeweka sukari?"

"Sukari gani, na mkebe umeuficha wewe?"

Niliuficha mahali pengine. Nilimkagua vikombe, nilinusa hata kijiko. Siku ya tano hakuweza kuinuka, tukampeleka hospitali, akalazwa wiki mbili. Alirudi mwembamba, na kwa muda mrefu hakunywa chai mbele yangu.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, nikiwa kwenye foleni ya kumchukulia dawa, nilifungua pakiti nikasoma karatasi iliyokunjwa ndani. Insulini hukaa wiki nne bila friji, mradi isiwekwe juani wala mahali pa joto kali. Ikiganda mara moja tu, haifai tena.