Kiti cha Bukuru

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata ile niliyopewa cheti cha ualimu. Ilikuwa upande wa Titye, mvua za kwanza zimeanza, nami nilikuwa mwanachuo wa Kasulu niliyepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha Kifaransa. Nakusimulia wewe kwa sababu wiki ijayo na wewe unakwenda, na jana nimekuona umeinamia andalio lako la somo na picha yako ya familia mpaka uji ukapoa. Hebu weka chini hiyo kalamu. Na simu pia.

Chuoni nilikuwa moto. Wenzangu wakisuasua, mimi siku za soko nilikwenda kuzungumza na akina mama wa Kikongo waliotoka kambini Nyarugusu kuuza vitenge, nikarudi bwenini na matamshi yao, najisikia mtu mzima. Tulipofundishana sisi kwa sisi, mmoja akiwa mwalimu na wengine wakijifanya wanafunzi, mimi ndiye niliyepigiwa makofi. Nilijua kumvuta mtu mpaka aseme sentensi nzima, na nilijua kumsifu papo hapo asije akaogopa. Hayo tulifundishwa, na si mabaya. Ila wenzangu wale walikuwa wakijifanya tu. Ukimuuliza mmoja habari za kaka yake, anakutungia kaka.

Nilipofika shuleni nilipewa kidato cha pili. Mwalimu wa taaluma, baba mmoja mpole sana, aliniambia, "Madam, hilo darasa lina jambo lake. Njoo saa ya chai nikueleze." Sikwenda. Saa ya chai nilikuwa napaka rangi picha ya familia kwenye karatasi ya manila, maana mkufunzi wangu alikuwa anakuja kunikagua na nilitaka akute kitu cha kupendeza. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini kijana mwenye manila mpya hana habari na wahenga.

Darasani palikuwa na kiti kitupu, mstari wa mbele, pembeni ya msichana mmoja mwembamba. Nilimwita mvulana wa nyuma aje akikalie. Hakuondoka mahali pake. Kiranja akasimama, akasema kwa adabu, "Madam, hapo pana mtu." Nikadhani ni mtoro. Nikasema huyo mtoro akirudi aje kwangu kwanza. Hakuna aliyecheka, na mimi nikaona darasa limepoa tu, nikaendelea na kazi.

Msichana yule aliitwa Butoyi. Huku kwetu Buha huhitaji kuelezwa: pacha anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Mtu akikutajia jina hilo, unamuuliza mwenziwe yuko wapi hata kabla hujakaa vizuri. Ni kama salamu. Ndiyo maana mkufunzi wangu, Mzee Bitaliho, alipokuja na kuketi nyuma ya darasa, mimi nilimchagua Butoyi. Somo lilikuwa familia, na huyu jibu lake liko ndani ya jina lake. Nilitaka kuanza na jepesi.

Nikamuuliza kwa Kifaransa kama ana ndugu. Akasimama, akajibu kwa Kifaransa kwamba ana kaka. Nikamuuliza anaitwa nani. Akasema, Bukuru. Nikafurahi, nikamuuliza yuko wapi.

Akageuka kutazama dirishani. Nikadhani amekosa neno, nikamsaidia: yuko nyumbani? Yuko shambani? Yuko sokoni? Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Akaniangalia usoni, akauliza kwa Kiswahili, "Madam, 'amekufa' wanasemaje kwa Kifaransa?"

Usinitazame hivyo, mwanangu. Ngoja nimalize. Niliposikia swali lile kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Mwanafunzi ameuliza neno jipya mwenyewe, na mkufunzi amesikia. Nikageuka, nikaliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri. Nikamgeukia. Butoyi akalisoma, akalitia katika sentensi, akasema kaka yangu amekufa, sentensi nzima, bila kosa hata moja.

Nami nikasema, "Très bien, Butoyi!" Vizuri sana. Kisha nikalipigia darasa makofi mawili na kuwaambia warudie wote kwa pamoja.

Hakurudia mtu. Nilisimama pale, mikono ingali hewani, nikasikia mvua peke yake. Butoyi aliketi taratibu, akaweka kiganja chake juu ya kile kiti kitupu. Hapo ndipo nilipoelewa kiti kilikuwa cha nani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa mbele ya darasa zima huku natabasamu. Kengele ilipolia alikusanya daftari zake, akatoka mvuani, hakumuaga mtu.

Mzee Bitaliho alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali. Alinikuta ukumbini.

"Somo limekwenda," aliniambia. "Ubao safi, sauti nzuri, mwanafunzi amesema sentensi kamili. Alama zako utazipata. Sasa vua hivyo viatu vya visigino, twende nyumbani kwao."

Tulikwenda kwa miguu, tope mpaka kwenye vifundo. Njiani ndipo aliponieleza. Mwanzoni mwa mvua zilizopita radi ilimpiga Bukuru uwanjani pale pale shuleni, watoto wakikimbilia darasani. Dada yake alikuwa ameshafika mlangoni, amegeuka kumhimiza, akaona. Tangu hapo aliacha shule. Mkuu wa shule alikwenda kumbembeleza bibi yake zaidi ya mara moja, na mtoto ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Walimu wote walikuwa wakimzunguka kwa kunyata, wakiomba asiondoke tena.

Nikamuuliza, "Mkufunzi, umeyajuaje haya, na wewe umefika leo?"

"Nilikunywa chai na wenyeji," alinijibu, akaendelea kutembea.

Bibi yake Butoyi tulimkuta barazani anapukuchua maharage. Alitukaribisha vizuri, akatupa vigoda, akatuuliza hali za nyumbani kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu wanavyosema, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Mlango ulikuwa wazi, na ndani gizani nilimwona Butoyi amekaa chini, amegeukia ukuta.

"Tangu tumzike yule," bibi alisema, Kiswahili chake kizito cha Kiha, "huyu mwana hajasema neno la kifo chake. Hakulia. Hakumtaja. Sisi hapa twamngoja. Twasema, siku atakapolisema mwenyewe, tutalia naye, atapona." Akapuliza maganda mkononi. "Kumbe leo amelisema, mtoto wa jirani kapita kuniambia. Amelisemea kwako wewe."

Nikasema ndiyo, bibi.

"Sasa wewe mwalimu, alipokuambia kwamba kaka yake amekufa, ulimjibu nini?"

Nilimtazama Mzee Bitaliho aniokoe. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Kuna maswali ambayo hata ukijua lugha kumi huna pa kujificha.

"Nilimwambia vizuri sana, bibi."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alikusanya maharage yake katika ungo, akainuka kwa shida, akaingia ndani kwa mjukuu wake. Nilisogea mpaka mlangoni, nikasema, "Pole, Butoyi. Pole kwa kaka yako." Sauti yangu nzuri yote ilikuwa imekwisha. Hakunijibu, na mimi katika nafasi yake nisingejijibu.

Tulipokuwa tunarudi, mzee alisimama katikati ya njia, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mwalimu wa hisabati humwomba mtoto namba. Wewe wa lugha unamwomba maisha yake, kwa sababu humpi kitu kingine cha kusemea. Unamwambia nisimulie nyumbani kwenu, nitajie mama, nitajie kaka. Basi akikupa, upokee kwa mikono miwili. Usipokee kwa alama ya vema."

Butoyi hakurudi shule. Siku zangu zote zilizobaki pale nilifundisha nimeelekeana na viti viwili vitupu, na hakuna mwanafunzi aliyekubali vihamishwe, wala sikuwaomba tena. Baadaye nilisikia ameolewa Rungwe Mpya kabla wenzake hawajamaliza kidato cha nne. Watu wananifariji kwamba angeacha hata bila mimi. Huenda. Mimi sijiambii hivyo, maana naijua ile sura iliyoniuliza neno, na naijua sura yangu niliyomrudishia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, kisha urudie kalamu yako. Picha yako ya familia ni nzuri, usiichane. Lakini ukifika shuleni kunywa kwanza chai ya wenyeji, hata kama rangi haijakauka. Uliza nani amefiwa, nani analelewa na nani, kabla hujamwita mtoto ataje baba yake mbele ya wenzake. Mwachie mlango: aseme habari za familia ya pichani kama ya kwake haisemeki. Na mtoto akishakujibu, hiyo "vizuri sana" imeze kwanza. Sikia amesema nini, ndipo usikie amesemaje. Sarufi itasubiri. Mimi nimestaafu na sarufi bado ipo.

Nenda, mwanangu. Mungu akuvushe salama na radi za milima hii, akupe wanafunzi wanaocheka, na akutie uzito kidogo katika ulimi. Na ukikuta darasani kiti kitupu, usimkalishe mtu. Uliza ni cha nani, na ukishaambiwa, sema pole.